Ngoma Ilikuwa Chama: Historia Fupi ya Muziki wa Mchanganyiko katika Nakuru na Bonde la Ufa



Katika mkutano mkuu wa mwaka uliopita lilizuka jambo ambalo halikuandikwa kwa urefu katika kumbukumbu za mkutano, nasi twaona yafaa lielezwe katika kitabu hiki cha taarifa. Mwenzetu mmoja alikuwa amefiwa na mama yake. Usiku wa matanga walifika vijana wa mtaa wa Bondeni na ala zao: magita mawili, ngoma moja, kinanda cha umeme cha kuazima, na chupa ya soda iliyogongwa kwa msumari. Waliimba wimbo wa Kikikuyu. Kisha pasipo kusimama wakaingia katika wimbo wa Kijaluo. Kisha wakageuza mwendo, wakaimba kwa Kikalenjin, na kina mama waliokuwa wamechoka kwa kulia wakainuka. Asubuhi yake halmashauri iliwapa vijana wale shilingi elfu tatu kutoka katika mfuko wa chama.

Fedha hizo ndizo zilizoleta maneno mkutanoni. Mzee mmoja, ambaye twamheshimu sana na ambaye hakusema kwa ubaya, aliuliza maswali mawili. La kwanza: Chama cha kusaidiana katika maziko, ugonjwa na karo kina shauri gani na wapiga magita? La pili: Muziki ule ni wa nani? "Ngoma ya kila mtu," alisema mzee, "si ngoma ya mtu yeyote." Watu wakacheka, lakini hakuna aliyejibu. Mwenyekiti akaagiza karani wa chama alitafute jibu na kuliandika. Basi hili ndilo jibu letu, kwa kadiri tulivyoweza kulipata.

MJI ULIOZALIWA NA RELI

Hapana budi kuanza na reli, kwa maana bila reli hakuna Nakuru. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896. Njia ikafika Nairobi mwaka 1899, na Nakuru mwaka 1900, ikashuka mpaka ziwa Viktoria mwishoni mwa mwaka 1901. Mwaka 1904 Nakuru ikatangazwa kuwa mji mdogo. Baadaye njia nyingine ilichepuka hapa kupanda Timboroa hata Eldoret, iliyofikiwa mwaka 1924, na mwaka 1931 ikafika Kampala. Hivyo mji wetu ukawa njia panda, na magari ya moshi ya pwani, ya Kisumu na ya Uganda yakawa hayana budi kupita mlangoni petu.

Watu nao walikuja kwa njia hiyo. Walikuja makuli na makarani, wapishi, askari, mafundi wa karakana, na wafanya biashara Wahindi. Kandokando ya mji, toka Naivasha mpaka Njoro na Molo, walowezi wa Kizungu walichukua ardhi kubwa, nao waliwahitaji watu wa kulima. Wakikuyu wengi walihamia mashambani humo wakawa maskwota, pamoja na Wakalenjin, Wajaluo, Waluhya na wengineo. Sheria ya mwaka 1918 ilimlazimu skwota kumtumikia mwenye shamba siku 180 kwa mwaka. Twayataja haya kwa sababu muziki tunaousimulia haukuzaliwa katika raha. Ulizaliwa kwa watu waliokuwa mbali na kwao, ambao mchana wao ulikuwa wa bwana na usiku peke yake ulikuwa wao.

Mtu aliye mbali na kwao akifa, nani atamzika? Akiugua, nani atampikia uji? Swali hili ndilo lililozaa chama chetu. Lakini kabla ya vyama vya kuandikishwa, vyenye muhuri na daftari, lilikuwa limekwisha kujibiwa na watu wa ngoma.

BENI: NGOMA YENYE VIONGOZI NA MFUKO

Katika miaka ya 1890 ilizuka huko pwani ya Kenya ngoma iliyoitwa beni. Jina lenyewe latoka katika neno la Kiingereza la bendi. Waswahili waliwaona askari wa Kizungu wakipiga tarumbeta na ngoma kubwa na kupiga gwaride, nao wakalichukua jambo hilo wakalifanya lao. Katika Mombasa walikuwapo Kingi na Scotchi, vyama viwili vilivyoshindana kwa mavazi, kwa gwaride, kwa karamu na kwa nyimbo za mafumbo. Wakati wa Vita Kuu ya kwanza, 1914 hata 1918, askari na wachukuzi waliieneza beni bara, na katika Tanganyika ikawa mashuhuri kwa majina ya Marini na Arinoti.

Serikali iliiogopa kidogo. Ilipoona Waafrika wenye vyeo vya mfalme, jenerali na gavana, ilidhani kwamba huenda kuna fitina. Wengine walicheka tu, wakasema kwamba Mwafrika amwiga Mzungu. Wote wawili hawakuona kiini cha jambo. Mwanahistoria Terence Ranger, aliyeandika kitabu juu ya beni mwaka 1975, alionyesha kwamba nyuma ya tarumbeta palikuwa na kitu kingine: wanachama walichangishana, walikaribisha wageni waliotoka miji mingine, waliwaangalia wagonjwa, na waliwazika wafu wao. Mtu wa beni aliyeshuka katika mji mgeni hakuwa mgeni. Aliwatafuta wenzake wa ngoma, akapata pa kulala.

Wazee wetu, hebu tulitazame jambo hili vizuri. Ngoma ilikuwa na mwenyekiti, ingawa walimwita Kingi. Ilikuwa na mfuko. Ilikuwa na taratibu za maziko. Kwa hiyo mtu akiuliza chama cha kusaidiana kina shauri gani na wapiga muziki, jibu la historia ni kwamba wapiga muziki walitutangulia. Sisi tumeirithi kazi yao, tukaiacha ngoma nje ya mlango.

KINANDA CHA MASHAMBANI

Sasa na tuje karibu na nyumbani. Mwaka 1929 Wakikuyu wengi waliimba Muthirigu, ngoma ya kuwapinga wamisheni katika ugomvi wa tohara ya wasichana, na serikali ikaipiga marufuku mwaka 1930. Vijana wa miaka iliyofuata walitafuta namna nyingine ya kukutana. Katika miaka ya 1940 ikaenea mwomboko.

Wazee wengi wanaosoma kurasa hizi wanaijua kuliko sisi. Ala yake kubwa ni akodiani, kile kinanda kinachovutwa na kubanwa kwa mikono miwili. Pembeni yake hukaa karing'aring'a, pete ya chuma igongwayo kwa ufito wa chuma, nayo ndiyo iwekayo mwendo usipotee. Wachezaji husimama wawili wawili, mwanamume na mwanamke, wakashikana kama Wazungu washikanavyo katika dansi. Huenda hatua mbili, kisha hupinda magoti. Akodiani ni ya Ulaya, na kushikana kule ni kwa Ulaya. Wengi husema kwamba vijana waliona dansi za Waskoti na walowezi wengine, au walijifunza jeshini. Lakini maneno ya nyimbo ni ya Kikikuyu, mafumbo yake ni ya Kikikuyu, na ile pete ya chuma haikuonekana katika dansi yoyote ya mlowezi.

Tena akodiani haikuwa ya kabila moja. Wajaluo nao waliipokea, wakaiita onanda, wakaipiga kwa mwendo wao ambao mtu wa mwomboko hawezi kuucheza asipofundishwa. Ala ni moja, lakini nyumba ilizoingia ni mbili, na katika kila nyumba ilivikwa nguo ya wenyeji. Hapa ndipo tulipoanza kuona jibu la swali la pili la mzee wetu.

Tarehe 20 Oktoba 1952 ilitangazwa hali ya hatari. Wakikuyu kwa maelfu waliondolewa katika mashamba ya Bonde la Ufa, wakapakiwa katika malori na magari ya moshi. Mikusanyiko ya usiku ilikatazwa. Kinanda kilichokuwa kikilia kila Jumamosi hakikusikika tena, na watu wengi waliokuwa wakicheza pamoja hawakuonana tena maishani.

VITA, SANTURI NA GITA

Kabla ya hapo ilikuwa imepita vita ya pili ya dunia. Makumi ya maelfu ya vijana wa Kenya waliingia katika jeshi la King's African Rifles, na wengi walifika hata Burma. Jeshi lilikuwa na kikosi cha burudani. Mmoja wa wapigaji wake alikuwa Fundi Konde, mzaliwa wa pwani wa mwaka 1924, ambaye baadaye alikuwa miongoni mwa wapiga gita mashuhuri wa nchi hii. Katika kambi moja walikaa Mgiriama, Mkamba, Mluhya, Mnandi na Mganda, na lugha yao ikawa Kiswahili. Vita ilipokwisha mwaka 1945 wengi walirudi na fedha kidogo na gita.

Pamoja na gita zilikuja santuri. Tangu mwaka 1933 kampuni ya His Master's Voice ilikuwa ikiuza katika Afrika sahani zenye alama ya GV, nyingi zikiwa nyimbo za Kuba. Wale waliozipiga huko Kuba walikuwa na mababu waliochukuliwa utumwani kutoka Afrika. Basi mtu wa Léopoldville au wa Nairobi aliposikia mwendo ule, alihisi kana kwamba ameusikia tangu utoto, na kwa kweli hakukosea. Katika Kongo ukazaa rumba, na rumba ikaja kwetu kwa redio na kwa miguu ya wapigaji. Mwaka 1959 Jean-Bosco Mwenda wa Katanga alikaa miezi kadhaa Nairobi, na vidole vyake vikawa shule kwa vijana wengi.

Upande wa magharibi, George Mukabi wa Kisa, aliyefariki mwaka 1963, alikuwa bingwa wa mtindo wa omutibo: gita moja na chupa ya soda igongwayo. Wale waliodhani kwamba vijana wa Bondeni walileta chupa matangani kwa umaskini wa ngoma, na wajue kwamba chupa ile ina ukoo wake, nayo yatoka kwa mabingwa.

Katika Nairobi ya miaka ya 1960 ilikuwapo Equator Sound Band. Fadhili William alikuwa Mtaita. Daudi Kabaka alikuwa Mluhya aliyezaliwa Uganda. Peter Tsotsi na Nashil Pichen walitoka Zambia. Bendi moja, nchi tatu. Kabaka alichukua mwendo wa kwao akaufunga pamoja na twisti ya Marekani. Wimbo wake Helule Helule ulipendeza hata kundi la Kiingereza, The Tremeloes, likaurekodi mwaka 1968. Hivyo Mwingereza naye akamwiga Mwafrika, wala hatukusikia mtu akicheka.

Nasi wa huku hatukuhitaji kwenda Nairobi siku zote. Huko Kericho duka la Chandarana, la familia ya Kihindi, lilirekodi na kuuza sahani za wapigaji wa Kikalenjin, Kijaluo, Kiluhya na Kikisii. Katika rafu moja zilikaa lugha ambazo wanasiasa hawakuweza kuzikalisha katika meza moja.

BINTI ZA KAPKATET

Lakini kisa kilichotufundisha kuliko vyote ni cha ng'ambo ya Mau, katika nchi ya Wakipsigis. Huko Marekani alikuwapo mwimbaji aliyeitwa Jimmie Rodgers, aliyezaliwa mwaka 1897, aliyefanya kazi ya reli kabla ya kupata sifa, na aliyekufa kwa kifua kikuu mwaka 1933. Alipiga gita na kuimba kwa kupandisha na kuvunja sauti, kama mchungaji aitaye ng'ombe ng'ambo ya bonde. Santuri zake zilifika kwa Wakipsigis. Watu walishangaa: huyu ni nani asiyeonekana, mwenye sauti kama hii? Jina lake likageuka vinywani mwao likawa Chemirocha.

Mwaka 1950 Hugh Tracey, mtaalamu aliyezunguka Afrika akirekodi nyimbo, alifika Kapkatet. Alirekodi nyimbo tatu zenye jina hilo. Ya tatu iliimbwa na wasichana wakiongozwa na Chemutoi Ketienya, kwa kinubi cha Kipsigis kiitwacho chepkong. Tracey aliandika kwamba wasichana walimfikiri Chemirocha kuwa nusu mtu na nusu paa, nao wakamwita aje acheze nao. Hawakujua kwamba alikuwa amekufa miaka 17.

Hapo mtu aweza kucheka, aseme kwamba walikuwa wajinga. Sisi hatucheki. Waliyasikia mambo yaliyotoka mbali kabisa, kwa mtu wa reli kama baba zetu walivyokuwa watu wa reli, wala hawakumkataa, wala hawakuacha kinubi chao ili wamfuate. Walimpa jina la Kikipsigis, wakamtungia wimbo wa Kikipsigis, wakamkaribisha katika uwanja wao. Mgeni aliingia, na nyumba haikuvunjika.

Sahani ile iliwekwa katika maktaba ya muziki wa Afrika ambayo Tracey aliianzisha mwaka 1954, na ambayo sasa ipo Afrika Kusini, katika Chuo Kikuu cha Rhodes. Wataalamu wa Ulaya na Marekani waliisikiliza na kuisifu, lakini Kapkatet penyewe haikuwapo. Ilipita zaidi ya miaka 60 kabla ya maktaba hiyo, pamoja na watu wa Singing Wells na Ketebul Music wa Nairobi, kuirudisha nakala kijijini, ambako waliwakuta wazee walioikumbuka siku ya kurekodi. Wengi zaidi walikuwa wamekwisha kulala. Wimbo wao ulizunguka dunia, nao hawakuusikia tena.

JIBU LETU

Basi, mzee wetu, tumefika. Uliuliza muziki wa mchanganyiko ni wa nani. Historia yasema kwamba katika nchi hii ya reli na mashamba ni vigumu kuupata muziki usiochanganyika. Beni, mwomboko, onanda, omutibo, twisti, Chemirocha: kila mmoja ulikuwa na kitu cha mgeni ndani yake, na kila mmoja ulikuwa na mwenyewe. Mchanganyiko haukuwa kupotea. Ulikuwa namna ya kumpokea mgeni bila kumkabidhi funguo za nyumba. Vijana wa Bondeni hawakuipiga ngoma isiyo ya mtu yeyote. Waliimba Kikikuyu sawasawa, na Kijaluo sawasawa, na Kikalenjin sawasawa, kila kimoja kwa heshima yake, kwa kuwa katika plot moja wamekua na wenye lugha hizo zote.

Tusidanganyane, lakini. Muziki huu haukutuokoa katika kila jambo. Mwaka 1992 watu wa Molo walichomewa nyumba. Mwaka 1998 ikawa Njoro. Na mwishoni mwa Januari 2008 damu ilimwagika katika mitaa ya mji wetu huu, baina ya majirani waliozijua nyimbo za wenzao. Hatudai kwamba gita huzuia panga. Twasema hivi tu: baada ya siku zile, palipohitajika watu kuketi tena katika matanga ya mtu asiye wa kabila lao, wengi hawakujua waanze kwa neno gani, na mahali pengi wimbo ndio ulioanza. Hilo si jambo dogo. Shilingi elfu tatu hazikununua starehe. Zilinunua kile kilichowafanya waombolezaji wa makabila matatu waitikie kwa pamoja, na hiyo ndiyo kazi iliyoandikwa katika katiba ya chama chetu, ingawa kwa maneno mengine.

Halmashauri, baada ya kusikia taarifa hii, imekubali mambo mawili, nayo yataletwa mbele ya mkutano mkuu yathibitishwe. La kwanza ni kwamba wapiga muziki wa mtaani watakaohudumia matanga ya mwanachama wahesabiwe kama wahesabiwavyo wachimba kaburi na wapishi, wapewe kifuta jasho kutoka katika mfuko. La pili ni la wazee. Twawaomba mtuletee ofisini majina ya waliopiga kinanda, gita na karing'aring'a katika mashamba na mitaa mliyokaa, pamoja na sahani zozote za zamani zilizobaki masandukuni. Karani ataziandika katika daftari pekee, na kila sahani itarudishwa kwa mwenyewe baada ya kunakiliwa.

Nakuru ilitangazwa kuwa jiji tarehe 1 Desemba 2021. Jiji lina barabara mpya na taa, lakini majina ya watu waliotuchezesha usiku ulipokuwa mali yetu pekee hayamo katika kumbukumbu yoyote tuliyoiona. Binti za Kapkatet walingoja zaidi ya miaka 60, na aliyewarudishia sauti zao alitoka mbali. Sisi tusimngoje mtu wa mbali. Daftari lipo mezani, na kalamu ina wino. Yaliyobaki ni wazee wetu kusema.

Wenu katika utumishi,
Karani wa Chama